Kompyuta kuukuu ya gemu: kadi ya grafiki inunuliwe mwisho

Mashine nyingi zinazochezewa gemu Uganda hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni mashine za ofisi: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1, Lenovo ThinkCentre M93p. Zimefanya kazi ng'ambo miaka kadhaa, zikaletwa kwa shehena, zikapangwa kwenye rafu za Wandegeya na Bombo Road, Kampala, na kutoka hapo zinapakiwa kwenye mabasi ya Gulu, Arua na Mbale. Ni imara, na prosesa zake bado zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ile i5-3470 iliyomo kwenye 7010 nyingi ndiyo waliyoipendekeza waliotengeneza GTA V, na kwa PES 2021 ndiyo kiwango cha chini.

Mwenye mashine ya namna hii akishika pesa kidogo, huuliza swali lilelile: niweke kadi gani ya grafiki? Swali ni zuri ila limewahi mno. Boksi na pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ndivyo vinavyochagua kadi. Wewe unabaki kulipa tu. Wengi waliorudisha kadi dukani, au wakaiuza kwa hasara, walianzia mwisho.

Anza na saizi ya boksi. 7010 ilitoka kwa saizi kadhaa zenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) zinazofanana tabia. MT ni mnara wa kawaida, inapokea kadi ndefu na ya kimo kamili. SFF ni ile nyembamba, inapokea kadi ya kimo kifupi peke yake, na kadi hizo ni chache sokoni na ghali zaidi. USFF haina nafasi ya kadi ya grafiki kabisa, hata ukikesha ukiomba. Kama bado hujanunua mashine, chukua MT hata kama prosesa yake ni dhaifu kuliko ya SFF iliyo karibu nayo. Prosesa inabadilishwa kwa dakika 20, boksi halibadiliki. Kama tayari una SFF, chukua rula upime: urefu kutoka nyuma hadi kwenye kizuizi cha kwanza, na kama kadi nene inayokula nafasi mbili itaenea. Soma pia karatasi ya mtengenezaji, kwa sababu baadhi ya maboksi membamba sloti yake haikukusudiwa kutoa wati 75 kamili ambazo sloti ya kawaida ya PCIe x16, ile ya kadi ya grafiki, hutoa.

Sasa pawasaplai, na hapa tukae kidogo, maana ndipo mashine nyingi zinapofia.

7010 ya MT huja na pawasaplai ya wati 275. Watu huiona ndogo wakakimbilia kuitoa. Piga hesabu kwanza. i5-3470 inakula wati 77 ikibanwa kabisa, na i7-3770 nayo ni 77. Kadi isiyo na waya wake wa umeme inakula 75 au chini. Mazabodi, ram, diski, feni na USB vyote pamoja weka 50. Jumla ni kama 200. Ile ya Dell inatosha, tena ina nafasi ya kupumua.

Hatari ni ile mpya nyeusi, nyepesi mkononi, iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Usisome herufi kubwa. Geuza uangalie jedwali dogo ubavuni, mstari wa +12V, uone ampea ngapi. Ukikuta 16A, zidisha kwa 12: ni wati 192. Huo ndio umeme ambao prosesa na kadi zitaupata. Zile 500 zimejazwa kwa kujumlisha mistari ambayo gemu haiitumii, au zimeandikwa tu. Pawasaplai ya ofisi yenye miaka kumi kutoka kampuni inayojulikana ni salama kuliko hiyo.

Kitu kingine kidogo kinachoua haraka: baadhi ya pawasaplai zina swichi nyekundu nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa 115. Umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio kama wa baruti, harufu itafuata, na pawasaplai imekwenda. Angalia swichi kabla ya waya kugusa ukuta.

Ukilazimika kubadilisha, hesabu pini za waya mkubwa unaoingia kwenye mazabodi. 7010 ya MT ina pini 24 za kawaida, kwa hiyo pawasaplai yoyote ya ATX inaingia. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina pini 8 za Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP. Hizo zinahitaji adapta ya kutoka pini 24, ya aina hiyo hasa. Zisichanganywe: plagi kuingia kwenye tundu hakumaanishi waya zimepangwa sawa.

Na usikubali kuwekewa adapta inayotoa umeme kwenye plagi moja ya SATA, ile ya umeme wa diski, kulisha kadi yenye tundu la pini 6. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54. Tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta 75. Wati 21 zinazozidi uwezo wa plagi zinazipasha pini joto, plastiki inalainika, waya zinagusana. Kuna wanaotumia miezi bila tatizo, kisha siku moja moshi unatoka katikati ya mechi.

Boksi na pawasaplai vikishajulikana, pima kinachokwamisha kabla ya kununua chochote. Weka programu ya MSI Afterburner, washa maonyesho yake juu ya gemu, cheza nusu saa gemu unayoicheza kila siku, ukitazama namba. Kadi ikiwa asilimia 97 au zaidi huku prosesa iko 50 au 60, kadi ndiyo inayochelewesha. Prosesa ikigonga 100 na kadi ikabaki 60, kadi mpya haitaongeza hata fremu moja (fremu ni picha ambazo gemu inachora kila sekunde). Ram ikijaa na diski ikawa inahangaika muda wote, matatizo yako yanamalizwa kwa bei ndogo zaidi. Kuna jaribio jingine la haraka: shusha picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa.

Ram ya DDR3 ni rahisi kupata na ni rahisi kudanganywa nayo. Unataka GB 16, na unataka vipande viwili vya GB 8 vinavyofanya kazi sambamba, wala si kimoja huku njia ya pili imelala. Hasa kama kwa sasa unachezea grafiki ya ndani ya prosesa, vipande viwili vinaonekana kwa macho, maana grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye ram. Mitego iko kwenye lebo. Kipande kilichoandikwa PC3-12800U ni cha kompyuta ya mezani, ndicho unachotaka. Kikiishia na R, mfano PC3-10600R, ni cha seva; kitaingia kwenye sloti vizuri kabisa na mashine haitawaka. Kuna pia GB 8 za bei nafuu zilizoandikwa kuwa ni za AMD. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za kizazi hiki hazizisomi. Muuzaji anaweza asijue, kwa hiyo usigombane naye, mwombe aichomeke kwenye mashine ya Intel mbele yako. Ukifika nyumbani, iache MemTest86, programu ya kupima ram, ikimbie usiku kucha. Kosa moja tu jekundu, rudisha.

SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, haina mjadala mrefu. GB 240 kwa mfumo na gemu moja au mbili, 480 kama pesa zinaruhusu, ya SATA. Usihangaike na NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, kwenye 7010. Baiosi yake, programu ya ndani inayoanzisha mashine, haijui kuiwasha kutoka humo, na njia za kuilazimisha ni za wanaopenda kusumbuka. Fremu hazitaongezeka, ila kule kukwama ramani inapofunguka kutapungua sana. Jihadhari na TB 2 kwa bei ya GB 240: ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla hujaiamini, kwa sababu zile bandia hukubali kuandikwa huku zikifuta za nyuma. Halafu kabla ya kusakinisha Windows, ingia baiosi uone SATA imewekwa vipi. Dell nyingi huja zikiwa RAID On. Ibadilishe iwe AHCI sasa, kwa sababu ukiibadilisha baada ya kusakinisha, Windows itagoma kuwaka na skrini ya buluu.

Prosesa. Kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 unabaki na viini vinne lakini nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, zinakuwa nane, na kwa gemu za sasa zenye watu wengi barabarani tofauti inaonekana kwenye zile fremu za chini, yaani pale gemu inaposhtuka. Ile yenye K mwishoni usilipie zaidi. Mazabodi ya ofisi haikuruhusu kuiongeza kasi. Kama ndani ya 7010 yako mna i5-2400, kuna sababu ya ziada ya kuitoa: kizazi cha pili kinaishusha sloti ya kadi kutoka PCIe 3.0 hadi 2.0. Kuna na jambo wasilolisema madukani. Prosesa zote za kizazi cha tatu na kurudi nyuma hazina maagizo ya AVX2, yaliyoanza na kizazi cha nne mwaka 2013, na baadhi ya gemu mpya zinakataa kufunguka bila hayo. Kwa hiyo kati ya 7010 yenye i7 na 9020 yenye i5-4570 kwa bei moja, sisi tungechukua 9020, pamoja na usumbufu wa pini zake nane.

Ndipo tunafika kwenye kadi.

Kwa mashine isiyo na waya wa umeme wa kadi, majina ya kutafuta ni machache. GTX 750 Ti ya 2014, wati 60, ni ya mwenye pesa kidogo sana. GTX 1050 Ti ya 2016, GB 4, ndiyo iliyojaa sokoni. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi, ila chungulia ukingo wake wa juu: nyingi zina tundu la pini 6, na wewe unatafuta isiyo nalo. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, inakula wati 70 bila waya, lakini bei yake inaweza kupita bei ya mashine nzima, na kuiweka kwenye prosesa ya 2012 ni kuipa kazi ya kusubiri. RX 6400 inavutia kwa udogo wake, lakini inatumia njia nne tu za PCIe na imetengenezwa kwa PCIe 4.0, kwenye mashine hizi inabanwa. Intel Arc iache kabisa, inategemea kipengele cha Resizable BAR ambacho baiosi hizi hazina.

Kati ya 1050 Ti na 1650, fikiria pia draiva, programu inayoiendesha kadi. NVIDIA ilitoa draiva za mwisho za gemu kwa familia za 750 Ti na 1050 Ti Oktoba 2025. Kuanzia hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. 1650 imo bado. Gemu za zamani hazitajali, mpya zitajali.

GT 1030 ina mtego wake. Ziko mbili kwa jina moja. Yenye GDDR5 inasafirisha GB 48 kwa sekunde. Yenye DDR4 iliyokuja 2018 inasafirisha kama 17. Jina moja, boksi linafanana, lakini ya pili ni theluthi ya mwenzake. Soma aina ya kumbukumbu, usisome jina.

Halafu kuna kadi bandia. Muuzaji atasema, "Ssebo, hii ni 1050 Ti ya GB 4, weka tu." Na Windows nayo itasema ni 1050 Ti, kwa sababu kilichobadilishwa ni programu iliyomo ndani ya kadi. Chini ya feni kuna chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, kadi za 2010 na 2011. Jibu lake ni la upole: "Mkuu, tuiwashe kwanza tuione." Beba flashi yenye GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo inaandika FAKE mbele ya jina ikigundua chipu siyo. Angalia idadi ya viini: 1050 Ti halisi ina 768, bandia huonyesha 192. Hata kabla ya kuiwasha, tazama matundu ya nyuma. Familia ya 1050 Ti iliondoa picha ya analogi, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, karibu kila mara si chenyewe. Kadi bandia hucheza vizuri dakika za kwanza, kisha gemu inapohitaji kumbukumbu zaidi ya ile GB 1 iliyopo kweli, inazima au inatoa rangi za ajabu.

VGA hiyohiyo inaleta gharama nyingine. Skrini nyingi za bei nafuu hapa bado zina VGA peke yake. 1050 Ti ya kweli, au kadi mpya kuliko hiyo, itahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, kutoka HDMI au DisplayPort. Kile kiplagi kidogo cha DVI kwenda VGA hakitatoa kitu kwenye kadi hizi. Na kabla ya kuingiza kadi, sasisha baiosi hadi toleo la mwisho la mtengenezaji ukiwa bado unatumia picha ya ndani. Kadi nzuri ikionyesha giza kwenye baiosi ya kale, watu huilaumu kadi bure.

Usafi haugharimu kitu na hurudisha fremu. Vumbi jekundu la marramu likichanganyika na unyevu hugeuka blanketi kwenye mapezi ya chuma cha kupozea prosesa. Peleka nje, puliza kwa blowa, lakini shikilia feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu inaharibu beringi zake. Toa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ya miaka kumi utaikuta imekauka kama chokaa. Weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, funga skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Prosesa iliyokuwa inagonga nyuzi joto 95 na kujipunguza kasi inaweza kushuka chini ya 75. Ukiwa humo ndani, badilisha na betri ya CR2032. Dalili ya kuisha kwake ni saa kurudi nyuma kila umeme ukikatika, na kivinjari kudai kila tovuti si salama.

Umeme ukirudi baada ya kukatika huja na mshtuko. UPS, betri ya akiba, ya 650VA, ambayo ni kama wati 360 hadi 390, inabeba mashine ya namna hii na skrini yake. Haikupi muda wa kumaliza mechi. Betri yake ya volti 12 na ampea 7 kwa mzigo wa wati 180 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Ijaribu ukiwa unacheza, si ukiwa kwenye skrini tupu: chomoa ukutani. Mashine ikizima papo hapo, betri imekufa au pawasaplai haipatani na UPS hiyo. Kwa upande wa Yaka, umeme wa kulipia kabla, wati 180 kwa saa tano ni uniti 0.9, ukipanga matumizi ya mwezi.

Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inataka Intel ya kizazi cha nane na TPM 2.0, kipengele cha usalama. Linux pamoja na Steam inacheza gemu nyingi vizuri hata kwenye mashine hizi, lakini Valorant, Fortnite na EA Sports FC hazimo, kwa sababu mifumo yao ya kuzuia udanganyifu haikubali. Kama unachezea hizo, Linux si njia yako. Kuhusu data, gemu ya GB 100 haina haja ya kushushwa mara mbili mtaa mmoja: Steam inaweza kuhamisha gemu kati ya mashine mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, bila kula bando.

Ukishafanya yote haya na prosesa bado inagonga 100, acha kuongeza. Hatua inayofuata ni mashine ya kizazi cha nane, mfano OptiPlex 7060 yenye i5-8500, viini sita, inayokubalika Windows 11. SSD inahamia, UPS inabaki, na 1650 isiyo na waya inaingia ilimradi boksi ni la mnara. Ram ya DDR3 haihamii, sloti ya DDR4 ina kata yake mahali pengine. Iache ndani ya mashine ya zamani unapoiuza, pamoja na SSD nyingine ndogo ya kuiwashia, kwa sababu mnunuzi hulipa zaidi kwa mashine anayoiona inawaka.